Rafiki msaliti kwenye hadithi yako: kasoro zinazojitokeza na pa kuzitafutia

Umeandika hadithi ya marafiki wawili, na katikati mmoja anamgeuka mwenzake. Umewapa watu wasome. Wanarudi na majibu ya "nzuri, lakini…", na baada ya hiyo "lakini" kila mtu ana lake. Mmoja alimjua msaliti mapema mno. Mwingine hakuelewa kwa nini alifanya alichofanya. Wa tatu kamwona mhusika mkuu kuwa zuzu, na huyo ndiye anayekera kuliko wote kwa sababu kuna uwezekano yuko sahihi. Nitazichukua lawama hizo kama zinavyosemwa, kwa maana msomaji hujua panapomuuma hata asipojua maradhi.

Nitangulize jambo moja ili nisilaumiwe nikilirudia: kasoro inayoonekana kwenye ukurasa wa usaliti mara nyingi imetoka kurasa thelathini nyuma, kwenye urafiki wenyewe. Ukikarabati tukio la usaliti peke yake, unapaka rangi ukuta huku paa linavuja.

"Nimesoma, sikuumia"

Hii ndiyo lawama kubwa na nitakaa nayo zaidi.

Fungua pale unapowatambulisha marafiki. Kuna uwezekano mkubwa utakuta sentensi ya aina hii: "Salma na Zuhura walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu utotoni." Kisarufi haina tatizo. Tatizo ni kwamba inamtaka msomaji aamini jambo ambalo hajaliona. Zuhura atakapomtenda Salma, anayepoteza rafiki ni Salma peke yake. Msomaji hajawahi kuwa naye.

Kupima ni rahisi. Chukua nakala ya rasimu, futa "rafiki", "shoga", "swahiba" na maneno yote ya ukoo huo, kisha mpe mtu ambaye hajaisoma hadithi. Muulize: hawa wawili ni nani kwa nani? Akikujibu "majirani" au "wanafanya biashara pamoja", chanzo umekipata.

Tiba si kuongeza sifa. Wanaotibu kwa sifa huishia na kurasa mbili za jinsi Zuhura alivyo mkarimu, mcheshi na mwenye moyo wa dhahabu, na msomaji anaanza kumshuku papo hapo. Urafiki kwenye maandishi husimama juu ya vitu vinavyoshikika: deni ambalo hakuna anayelidai, siri, utani ambao mtu wa tatu hauelewi. Tuseme Salma anauza vitenge, na kikoba chao kinataka mdhamini kwa kila mkopo.

Salma alimpa kalamu. Zuhura hakuisoma ile fomu, aliuliza tu, "Nisaini wapi?" Alipomaliza akaitazama sahihi yake, akacheka. "Mwandiko wa kuku."

"Hata hujauliza ni shilingi ngapi."

"Nikiuliza utanijibu, halafu nisilale. Niletee chai, shoga yangu, na isiwe ya rangi."

Neno "shoga" limo, lakini lifute uone: urafiki bado upo. Upo kwenye fomu isiyosomwa na kwenye chai inayoagizwa kama haki. Na kuna faida ya pili, kubwa zaidi. Zuhura sasa ameshika kitu. Anajua mkopo upo, na jina lake liko kwenye karatasi kwa mwandiko ambao yeye na Salma waliucheka.

Usaliti utoke humohumo. Zuhura akimwibia Salma mkoba, huo ni wizi, na kibaka yeyote wa stendi angeweza kuufanya. Lakini tuseme miezi inapita, biashara inalala, marejesho yanakwama, na mkutano wa kikoba unakaa. Mwenyekiti anaisukuma ile fomu mbele ya Zuhura: "Hii sahihi ni yako?" Zuhura anaitazama kwa muda. "Huu mwandiko siujui." Hapo Salma amegeuzwa mghushi mbele ya wanawake ambao watakutana naye sokoni kesho yake asubuhi, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na uwezo wa kumfanyia hivyo. Ulitakiwa kwanza uwe rafiki yake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwenye rasimu yoyote ni hili: je, adui wa kawaida angeweza kufanya kitendo hiki? Kama jibu ni ndiyo, badilisha kitendo, au rudi nyuma umpe rafiki kitu cha kushika.

Toni Morrison anaonyesha jambo hili katika Sula, riwaya yake ya 1973. Nel anamkuta rafiki yake Sula akiwa na Jude, mume wa Nel mwenyewe. Tukio lenyewe halina upya wowote. Mume kuchukuliwa na shoga ni jambo ambalo taarabu imeliimba hadi limechakaa. Lakini sura za riwaya hiyo zinaitwa kwa miaka, na katika sura ya 1922 tulishawaona wawili hao wakiwa wasichana kando ya mto. Sula anamzungusha mtoto wa kiume akimshika mikono, mtoto anachomoka, anatumbukia majini, harudi. Hakuna anayeambiwa. Usaliti unakuja kwenye sehemu ya 1937, na kufikia hapo Nel na Sula wamebeba pamoja kitu kizito kuliko ndoa yoyote. Ndiyo maana kwenye sura ya mwisho, ya 1965, Nel anagundua kwamba muda wote huo aliyekuwa akimlilia hakuwa mume. Geuza hilo liwe kipimo: baada ya usaliti, mhusika wako anakosa kitu alichoporwa, au anamkosa mtu aliyempora? Kama ni kitu tu, urafiki haujakaa.

"Nilimjua tangu sura ya pili"

Tazama kwanza sura na mwili. Macho ya kijanja, kicheko cha pembeni, kuangalia huku na huku kabla ya kujibu. Futa vyote. Halafu tazama jina la hadithi yenyewe. Nimesoma hadithi fupi kadhaa zenye usaliti ndani yake ambazo juu kabisa zimeandikwa "Kikulacho…", na mwandishi bado anategemea nishtuke ukurasa wa tisa. Sishangai sana, kwa sababu wengi wetu tulijifunza kutunga kwenye insha za methali: unapewa methali, unatunga kisa cha kuidhihirisha, unamalizia kwa kuitaja tena. Mafunzo hayo yalitupa maksi. Kwenye hadithi yanafanya kazi ya kumpelekea msomaji majibu kabla ya mtihani.

Majina ya wahusika nayo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili wanaomgeuka Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na hakuna msomaji anayengoja kujua watakuja kufanya nini. Lakini angalia alivyofanya mzee: hakuweka taharuki yake hapo. Tunaanza kwa kumwona Adili, mtu mwema, akiwachapa manyani wawili usiku, na swali linalotuvuta ni kwa nini. Usaliti ni jibu, haukukusudiwa kushtukiza. Othello, tamthilia ya Shakespeare, inapita njia hiyohiyo kwa namna nyingine. Iago, askari ambaye Othello anamwamini, anatangaza chuki yake kwa Othello kwenye onyesho la kwanza kabisa, na tangu hapo hadhira inakaa ikitetemeka kwa kuwa yenyewe inajua na Othello hajui.

Kwa hiyo kujulikana mapema si ugonjwa kila mara. Ugonjwa ni kukaa katikati: umeficha nusu, msomaji ameshajua, na wewe bado unaandika kana kwamba hajui. Amua. Ukiamua msomaji ajue, mwambie mapema na uhamishie mvutano wako kwenye swali la lini na kwa gharama gani. Ukiamua kuficha, ficha kwelikweli.

Na namna bora ya kuficha ninayoijua ni kumpa msomaji mtuhumiwa mwingine mwenye hatia ya kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya hivyo katika A Grain of Wheat, ya 1967. Kihika amenyongwa na wakoloni, na wapiganaji wenzake wanamtafuta aliyemuuza. Macho yote yako kwa Karanja, na kwa sababu nzuri: alikuwa mmoja wa vijana wa rika la Kihika, kisha akajiunga na askari wa serikali ya kikoloni, akawa chifu, akawatesa watu wa kijiji chake mwenyewe. Kila tunaloambiwa juu ya Karanja ni kweli. Ila aliyemtoa Kihika ni Mugo, yule ambaye kijiji kizima kinamheshimu na kinamwomba ahutubie sherehe za Uhuru, 12 Desemba 1963. Msomaji hakudanganywa popote. Alipewa msaliti halali wa kumtazama, akamtazama.

Ishara ndogondogo bado zinahitajika, la sivyo msomaji atalalamika kwamba umemwotea. Kanuni ni kwamba kila ishara iwe na kazi nyingine halali siku inapotokea. Zuhura anauliza, "Rejesho lako lile ni tarehe ngapi?" Siku anauliza, ni shoga anayejali. Msomaji akikumbuka swali hilo baada ya mkutano wa kikoba, linasomeka upya, na wewe hukuongeza hata nukta.

"Mbona kafanya vile?"

Lawama hii ina pande mbili zinazopingana, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine, hivyo hakikisha unajua uko upande gani.

Upande wa kwanza: hakuna sababu kabisa. Zuhura anaamka siku moja akiwa mbaya. Upande wa pili: sababu ni moja, nzima, imeandikwa kwa herufi kubwa, na karibu kila mara ni wivu. Wivu upo, sikatai. Ila msomaji akipewa neno hilo anaacha kufikiri, maana ni jibu linaloenea kila mlango.

Rudi kwa Iago. Mara analalamika kwamba Cassio kapewa cheo alichokitaka yeye, mara anadai kuna fununu kwamba Othello alilala na Emilia, mke wa Iago mwenyewe. Sababu zinazidi kiasi, na hiyo ndiyo inayotia hofu. Anaonekana kama mtu anayetafuta kisingizio cha jambo ambalo ameshaliamua. Mwishoni anapoulizwa kwa nini, anakataa kusema neno lolote tena. Karanja naye ana vijisababu vilivyosongamana: anampenda Mumbi, mke wa Gikonyo, na Gikonyo yuko kizuizini, anawaogopa wazungu, anayaonja madaraka na kuyapenda. Hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingetosha.

Njia ninayoipendekeza ni kumpa msaliti daftari lake la madeni. Kaa chini uandike nusu ukurasa ambao hautaingia kwenye hadithi: Zuhura anamsimulia mama yake mzazi yaliyotokea. Asimulie kama mtu aliyekosewa. Ukishindwa kumwandika hivyo, humjui bado.

Nikijaribu kwa Zuhura: baba yake alifariki. Salma alituma rambirambi kwa simu, tena si haba, lakini hakwenda kulala matangani hata usiku mmoja. Alikuwa na mzigo bandarini na asiyeutoa kwa wakati analipia. Sababu ya maana. Salma alishasahau. Zuhura alipokaa kwenye mkeka alihesabu waliokuja, na bado anaweza kukutajia mmoja mmoja. Kwenye hadithi hilo linaingia kwa mstari mmoja, kwa mfano Salma anasema "pole sana, mdogo wangu, nilibanwa", na Zuhura anajibu "najua, nilipata hela." Usieleze zaidi ya hapo. Kwa msomaji wa kwetu, anayejua uzito wa kutoonekana msibani, mstari huo umeshafanya kazi ya kurasa tatu.

Angalia pia kilichotokea kwa Salma katika mchakato huo. Ana kosa, dogo. Si lazima kila hadithi iwe hivyo, lakini aliyetendwa akiwa malaika, aliyetenda anabaki shetani, na mashetani hawana marafiki wa kusaliti.

"Mhusika mkuu ni mjinga"

Hutokea pale msomaji anapoona dalili tano na mhusika anayeishi nazo hazioni. Usipunguze dalili. Mpe mhusika wakati mmoja wa kushuku, mapema, na rafiki ajibu shaka hiyo vizuri, kwa jibu ambalo hata wewe lingekuridhisha. Baada ya hapo imani ya Salma ni uamuzi, si upofu. Inasaidia vilevile kutoamini kukiwa na gharama: akimshuku Zuhura, atamweka nani mdhamini? Watu huendelea kuamini pale ambapo kuacha kuamini kutawaharibia mipango.

"Msimulizi anajitetea mno"

Hii ni kwa walioamua kwamba msaliti mwenyewe ndiye asimulie kwa "mimi". Ni uamuzi mzuri na mgumu. Dalili yake ni maneno kama "sikuwa na budi", "ungekuwa wewe ungefanyaje", "sikujua", yanayojitokeza kila baada ya aya mbili.

Khaled Hosseini katika The Kite Runner anamfanya Amir asimulie jinsi alivyojificha mwaka 1975 akimtazama rafiki yake Hassan, mtoto wa mtumishi wa kwao, akidhalilishwa uchochoroni, asiende kumsaidia. Hilo msomaji anaweza kulisamehe. Ni mtoto, aliogopa. Lakini halafu Amir anafanya jambo la pili, dogo kwa kipimo cha nje na baya kwa kipimo cha ndani: anaficha saa na pesa chini ya godoro la Hassan ili aonekane mwizi na afukuzwe. Anafanya hivyo kwa sababu hawezi kuvumilia kumwona kila siku mtu aliyemwacha. Kama msimulizi wako anajitetea, usimnyamazishe. Mtafutie hilo jambo la pili, ambalo halina utetezi, na umwache alisimulie kwa sauti ileile ya kawaida.

"Baada ya pale hadithi imelala"

Usaliti umetokea ukurasa wa tisini, zimebaki kurasa sitini, na hakuna anayejua zifanye nini. Waandishi wengi huzijaza kwa kisasi au kwa kikao cha kuombana msamaha ambamo msaliti anaeleza yote huku analia. Kikao hicho kikate kwanza, usome bila hicho. Mara tisa kati ya kumi hakihitajiki, kwa sababu kinarudia kilichokwisha kuonekana.

Chanzo cha kulala ni kwamba baada ya usaliti umewatenganisha. Walioachana hawana tukio la pamoja, na bila tukio la pamoja huna cha kuandika. Wafunge. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, Manase alikuwa rafiki wa Kazimoto, sasa ni mkubwa wa wilaya, na ndiye aliyempa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto. Rukia anakufa. Mwandishi mwingine angewaachanisha hapo wanaume hao wawili, kila mmoja na njia yake. Kezilahabi anamfanya Kazimoto aje kumwoa Sabina, ndugu yake Manase wa tumbo moja. Aliyemtenda anakuwa shemeji. Watakaa kwenye harusi moja, wataulizana habari za wazee. Kila mazungumzo ya kawaida baada ya hapo yana kitu chini yake, na mwandishi hahitaji kukitaja.

Kwa Salma na Zuhura huhitaji hata harusi. Kikoba kina wanachama wake, mzunguko haujaisha, hisa haziwezi kutolewa katikati, na mkutano ni kila Jumamosi. Watakaa ukumbi mmoja hadi mwisho wa mwaka. Tazama tu watakavyoitana. Zuhura aliyekuwa akisema "shoga yangu, niletee chai" sasa atasema "Bi Salma, hisa zako ngapi leo?" kwa adabu kamili, na mweka hazina ataandika. Ukiona wawili hao bado wanaitana kama zamani kwenye rasimu yako, hapo pia pana kasoro, isipokuwa kama umemtaka Zuhura aendelee na "shoga yangu" kwa makusudi, mbele za watu, Jumamosi hadi Jumamosi. Mimi ningechagua hilo la pili.